Nyanzala na Mashine Inayojua Maji

Nyanzala wa Ilembo aliuza maziwa, na mdomo wake ulijulikana soko zima la Kashaulili, mjini Mpanda. Mteja akiuliza kama maziwa ni ya leo, anajibiwa, "Ya kesho, nimeyawahisha." Aliyepata tabu zaidi ni Manyanda, mdogo wa mume wake, aliyempelekea maziwa sokoni kwa baiskeli. Shemeji huyu alikuwa na mwili mkubwa na wepesi wa kuamini lolote, na Nyanzala alimchokoza tangu alipoolewa.

Mwaka 1996, masika yakiisha, ng'ombe alimpiga Nyanzala teke wakati akikamua, akajigonga kichwa kwenye nguzo ya zizi. Akainuka, akamtukana ng'ombe, akamalizia kukamua. Lakini wiki zilivyosogea kichwa kikaanza kuuma. Asubuhi anatapika, mguu wa kushoto unaburuza. Siku moja akamwita mumewe, Ngolo, kwa jina la mjomba wake aliyekwisha kufa. Ngolo akadhani ni utani, akacheka, kisha akamwangalia vizuri na kicheko kikakatika.

Hospitali pale Mpanda wakampiga eksirei. Mfupa ulikuwa mzima. Daktari akasema anachohofia ni kilichomo ndani ya mfupa, na ili kukiona itabidi aende Dar es Salaam, penye mashine ya CT. Ngolo akabaki na mifugo, Manyanda akapewa kazi ya kumsindikiza.

Ndani ya treni Nyanzala alilala sana, ila kila akiamka anaamka na uchokozi. Walipoiacha Tabora akasema, uso mkavu kabisa, "Shemeji, umejiandaa? Hiyo mashine wanampima na msindikizaji."

"Mimi? Mimi siumwi."

"Ndiyo maana. Wanataka kichwa kizima cha kulinganishia. Inaonyesha kila kitu, Manyanda. Hata ulichoficha."

Manyanda akajipapasa kichwa mpaka Dodoma.

Hospitalini Dar es Salaam, mtaalamu wa mashine alikuwa dada mpole aitwaye Cecilia. Mashine yenyewe ilikuwa kama tairi la trekta lililosimamishwa, na kitanda chembamba kinachoingia kwenye tundu lake.

"Eksirei nilishapigwa nyumbani," Nyanzala akasema. "Hii inaona nini zaidi?"

"Mama, unafuga?"

"Nafuga."

"Ukisimama mbele ya kundi la ng'ombe unawaona wote?"

"Naona pembe za wa mbele."

"Eksirei ya kawaida iko hivyo, vitu vinafunikana. Hii inakuzunguka. Upande mmoja inatoa mionzi, upande wa pili kuna vipokezi vinavyopima mionzi kiasi gani imepita. Mfupa unazuia mingi, hewa karibu haizuii kitu. Kompyuta inakusanya vipimo vya pande zote, inapiga hesabu, inachora kipande kimoja cha kichwa, kama slesi ya mkate. Kitanda kinasogea kidogo, tunachukua slesi nyingine."

"Kwa hiyo mnanikata bila kisu."

"Bila kisu. Ila usitikisike. Ukitikisika picha inaharibika."

Manyanda, aliyesimama mlangoni, akakohoa. "Dada, na maji? Maji yanajulikana?"

"Maji ndiyo ya kwanza kujulikana," Cecilia akasema, akifurahi kuulizwa. "Kabla ya wagonjwa tunaweka humo chombo cha maji, na mashine lazima iyape namba sifuri. Kinachozuia mionzi kuliko maji kinapanda juu ya sifuri, mafuta na hewa vinashuka chini."

"Hata yakichanganywa na kitu kingine?"

"Yakichanganywa, namba inabadilika."

Manyanda akaloa jasho. Akamsogelea shemeji yake, aliyekwisha kulazwa kitandani. "Shemeji, nisije nikaumbuka mbele za watu. Yale maziwa nilikuwa nakunywa njiani. Halafu najazia maji ya kisima."

Hapo Nyanzala akakumbuka Gaudensia, jirani yake wa meza pale sokoni. Gaudensia alikuwa akiwaambia wateja kwamba maziwa ya Nyanzala yana maji, na Nyanzala alimtukana mbele ya soko zima, mpaka wakaacha kusalimiana. Kumbe mwenzake alisema kweli!

Manyanda akatolewa nje, mlango ukafungwa, mashine ikaanza kuvuma. Nyanzala akabana midomo. Akajaribu kuwaza msiba. Tumbo likaanza kutikisika, mabega yakafuata, machozi yakamtoka.

"Mama!" Cecilia akaita kwenye kipaza sauti. "Hii picha imejaa michirizi. Unalia?"

"Nacheka, mwanangu. Rudia tu."

Ikarudiwa. Safari hii alitulia, kwa sababu uchungu wa kichwa ulikuwa umerudi na hamu ya kucheka ikaisha.

Baadaye daktari aliwaonyesha filamu. Mfupa ulikuwa mweupe, ubongo wa kijivu. Upande wa kulia, kati ya fuvu na ubongo, palikuwa na umbo kama mwezi mwandamo, jeusijeusi. "Damu," akasema. "Ingekuwa mpya ingeng'aa. Hii ya siku nyingi imeanza kufanana na maji. Ndiyo inayokandamiza ubongo. Tutatoboa mfupa kidogo tuitoe."

Nyanzala aliogopa, na kwa mara ya kwanza hakuona la kutania. Alipokuwa akisukumwa kwenda kupasuliwa ndipo akapata moja. "Manyanda, nikifa, kwa Gaudensia utaenda kuomba radhi mwenyewe." Manyanda akalia kama mtoto.

Hakufa. Damu ikatolewa, mguu ukaacha kuburuza, akarudi Ilembo na kipara na kovu. Ngolo alipouliza safari ilikuwaje, akamsifu Manyanda kwamba alimtunza vizuri. La maziwa hakumwambia. Manyanda naye akawa anaosha ndoo zote bila kutumwa, na njiani hakugusa tena kifuniko.

Kwenda kwa Gaudensia ndiko kulikomwia Nyanzala vigumu. Alizunguka soko, akanunua chumvi asiyoihitaji, mwishowe akasimama mbele ya meza yake.

"Maziwa yangu yalikuwa na maji," akasema. "Sikujua. Nisamehe, dada."

Gaudensia alimtazama kitambaa cha kichwani, akanyoosha mkono, akakifunua. Akapitisha kidole polepole kwenye kovu.

"Walikutoboa kweli?"

"Kweli."

"Na kinywa chako wakakiacha hivyohivyo," Gaudensia akasema, akasogeza ndoo zake kumpisha akae kivulini.