Turbo ya Mama Pumzi

Siku hizi lori likichoka, fundi huchomeka waya, husoma maandishi kwenye kioo, kisha huagiza turbo mpya ndani ya boksi kama mtu anayeagiza viatu; enzi zile lori lililochoka lilipelekwa kwa Mama Pumzi, naye kabla hajasema neno aliingiza vidole kwenye koo la turbo, akaitikisa shafti, akajua.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya kiwanda cha magodoro, chumba kirefu chenye paa la bati na sakafu iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi na laini kama ngozi. Kwenye meza palikuwa na beseni la dizeli ya kuoshea na kipande cha zulia. Turbo zilifunguliwa juu ya zulia hilo, maana hakutaka chuma cha ndani kigusane na chuma kingine. Zamani alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akimpelekea mumewe chakula cha mchana, akaona jinsi mume huyo anavyoosha vipuri, akamsogeza pembeni kwa kiwiko ili aoshe yeye. Cherehani hakuirudia tena. Mume huyo wateja walimwita Nyundo, na sababu ya jina haihitaji maelezo. Alikuwa bingwa wa kuchomelea, mikono mipana, kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na jina lake alilibeba kama wengine wanavyobeba cheo.

Mdogo wake Mama Pumzi alikuwa dereva wa lori. Wenzake walimwita Shingo, kwa kuwa kila alipopanda mlima alitoa shingo nje ya dirisha kana kwamba analisukuma gari kwa kichwa. Na mlima alikuwa nao, kila siku ya Mungu, kwa sababu mzigo wake ulikuwa saruji na ghala la saruji lilijengwa juu kabisa, na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kuendesha chochote. Malori mengine ya tajiri wake yalikuwa mapya, yametoka kiwandani na turbo zake, feni za kuisukumia injini hewa. La Shingo lilikuwa kuukuu, linavuta hewa kwa pua zake tu. Lilipanda kwa gia ya kwanza, likinguruma na kutetemeka, na wenye kwenda kwa miguu walilipita wakamsalimia dereva kwa heshima, kama watu wanaopita msibani.

Siku moja tajiri alimwita akamwambia kwamba Jumatatu atamfuata nyuma kwa gari dogo. Lori likipanda na mzigo kamili bila kushuka gia ya kwanza, litabaki. Likishuka, atalikata liuzwe chuma chakavu, na Shingo atafute pa kwenda kwa sababu kiti kingine hakuna.

Shingo alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akakaa juu ya tairi, akaeleza. Alikuwa na watoto wadogo na hakujua kazi nyingine. Dada yake hakumpa pole. Alimuuliza lori linakula mafuta kiasi gani na moshi wake una rangi gani. Kisha akapanda juu ya bampa, akalisikiliza likiunguruma, akashuka akijifuta mikono.

"Injini ni nzima, mdogo wangu. Imekosa pumzi tu."

Nyundo alishauri wafunge kompresa ya mkanda, ile inayozungushwa na injini yenyewe. Alikuwa ameshamfungia kinyozi mmoja kwenye gari lake la milango miwili, na gari lile lilipata nguvu mpaka kinyozi akaanza kwenda kazini kwa miguu, akidai gari lina haraka kuliko yeye. Mkewe alikataa. Kwa lori la mzigo, alisema, kila nguvu ina hesabu yake.

"Ya mkanda inakula kwanza ndipo ifanye kazi. Turbo inakula moshi uliokwisha kutupwa. Huyo ndiye mgeni ninayemtaka mimi, anayeshiba kwa makombo."

Walipata turbo kwenye greda lililokufa, na hapo ndipo Shingo alipomwona dada yake kwa macho mapya. Alikuwa amemzoea kama mtu wa kumgombeza kuhusu shati. Sasa alimwona akipima koo la eksozi kwa uzi wa cherehani, akimchorea mumewe kwa chaki sakafuni jinsi bomba litakavyopinda, akimfanya akate na kuchomelea upya kwa sababu ya upindo ambao Shingo hata hakuuona. Aliweka gasketi nene zaidi chini ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ili injini isijibane ikapasuka kwa hewa mpya. Nyundo alitaka wafungue pampu ya dizeli mpaka lori liruke. Mkewe akamuuliza kama silinda hedi ikipinda atainyoosha kwa kicheko. Wakafungua kidogo tu. Muda mwingi aliutumia kwenye mabomba ya mafuta, moja jembamba la kupeleka, moja nene la kurudisha, limeinama vizuri kuelekea sampu, karai la mafuta chini ya injini.

"Kila mtu anafikiria hewa," alimwambia Shingo. "Shafti hii haikalii chuma. Inaelea juu ya mafuta. Ikikosa mafuta imekufa, hata kama ni kwa kupepesa jicho."

Nyundo aliyajua hayo kama anavyolijua jina lake, na bado akakosea, kosa ambalo hulifanya wapenda turbo peke yao. Turbo ilikuwa mezani, safi, tayari kufungwa. Mama Pumzi alikuwa uani akikata gasketi. Shingo akauliza, kama mtoto, hivi ikiwa inafanya kazi inaliaje. Nyundo akachukua mpira wa hewa ya kujazia matairi, akauelekeza kwenye koo la turbo, akafungua. Feni ikaanza kuzunguka, sauti ikapanda, nyembamba, ikapanda zaidi, mpaka wafanyakazi wa magodoro wakachungulia ukutani. Shingo alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mama Pumzi aliingia na mkasi mkononi. Aliingiza vidole, akaitikisa shafti, na ilicheza. Mafuta yalikuwa hayajatiwa. Bushi zote mbili, zile pete zinazoizunguka shafti, zilikuwa zimekwanguka.

"Nilikuwa namwonyesha shemeji," Nyundo alisema.

"Umemwonyesha. Sasa mwambie na habari ya lori lake."

Bushi za saizi ile hazikupatikana duka lolote, na Jumatatu ilikuwa imebisha hodi. Mtu mwingine angelia, au angerusha kitu. Mama Pumzi alichukua bushi kubwa ya shaba ya pampu ya maji, akaenda nayo kwa mkereza vyuma, akasimama begani kwake siku nzima mpaka mkereza akamwomba walau akae chini. Bushi mpya zilipotoka kwenye mashine alizimalizia mwenyewe kwa kitambaa na mafuta, akijaribisha, akitoa, akisugua, akijaribisha tena, kwa subira ile ile aliyokuwa akiitumia zamani kurudia mshono wa bega. Nyundo alimshikia taa. Siku ile hakucheka hata mara moja, na majirani walituma mtu kuuliza kama anaumwa. Jioni mkewe alimpa turbo iliyokamilika aibebe mwenyewe mpaka kwenye lori, kama mama anayempa mtu mtoto ambaye jana tu alimwangusha.

Asubuhi ya Jumatatu Mama Pumzi alimpa mdogo wake sheria aliyowapa madereva wote. Ukifika juu usizime injini. Feni bado inakimbia na chuma kina moto. Ukizima, mafuta yanasimama pale pale yanaungua, yanageuka masizi. Liache lingurume taratibu, ufute vioo vyote, cha mbele na vya pembeni, halafu taa. Ukimaliza taa, zima. Wateja wake ungewatambua katika uwanja wowote wa malori kwa kung'aa kwa vioo vyao.

"Na bosi akiniambia nizime?"

"Mwambie dada yangu hataki."

Lori lilipanda. Shingo alisubiri pale ambapo siku zote liliinamisha kichwa, mkono juu ya hendeli ya gia, akasikia badala yake sauti ile nyembamba ikipanda chini ya boneti, na lori likajikaza likaenda. Gia ya tatu. Sasa lori ndilo lililowapita waenda kwa miguu, na mmoja wao aliyezoea kumsalimia alisimama akavua kofia. Shingo alisahau kutoa shingo dirishani.

Juu, tajiri alishuka kwenye gari lake akitabasamu, akataka boneti ifunguliwe na injini izimwe aone hicho kitu. Shingo alishuka na kitambaa, akaanza kufuta kioo cha mbele.

Tajiri alidhani hakusikika. Akarudia. Shingo akamwomba asubiri kidogo, akahamia kioo cha pembeni. Wapakuzi waliacha kazi wakaegemea mifuko. Tajiri akauliza, kwa sauti ya chini ambayo kila dereva aliiogopa, lori hili ni la nani.

"La kwako, bosi. Ila dada hataki lizimwe bado."

Tajiri akapanda mwenyewe kwenye kiti, akashika kamba ya kuzimia injini. Shingo akapanda nyuma yake na kuweka mkono juu ya mkono wa tajiri, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata baba yake. Alijua anachopoteza. Alikuwa amekuja mlimani kuokoa kiti kile, na sasa alikuwa anakitupa kwa ajili ya vioo.

"Nifukuze, bosi, una haki. Lakini njoo uone kwanza, halafu ndiyo unifukuze."

Akafungua boneti. Katika kivuli cha mle ndani, nyumba ya turbo ilikuwa nyekundu, wekundu wa kaa la moto, na juu yake bomba jembamba la mafuta likitetemeka. Shingo akaeleza kwa maneno ya dada yake, kwa kuwa yake hakuwa nayo. Tajiri alisimama akitazama wekundu ule ukififia, ukawa kahawia, ukapotea. Shingo akamalizia taa. Tajiri ndiye aliyevuta kamba.

"Mwambie dada yako," alisema, "kama kuna siku atataka kuendesha kampuni, mimi nimechoka."

Lori lilibaki, na Shingo akabaki nalo. Na kwa kuwa sasa lilikuwa na nguvu, tajiri alilihamishia njia ya migodini, mbali, safari ambazo mtu hurudi akiwa mgeni mlangoni kwake. Shingo alihamia huko na familia. Kiwanda cha magodoro kilifungwa, karakana ikabomolewa pakawekwa duka la vipuri vya kwenye boksi, macho ya Nyundo yakaharibiwa na moto wa kuchomelea, na wakaenda kuishi kwa mtoto wao. Hayo yote Shingo aliyapata kwa madereva, vipande vipande, yakiwa yamechelewa. Dada yake alipofariki, habari ilimkuta njiani, amebeba mzigo wa watu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi aliyopita karakana kuwaaga. Mama Pumzi alikuwa chini ya basi, miguu tu ndiyo ilionekana. Nyundo amechuchumaa na taa, wanabishana kuhusu upana wa bomba fulani. Shingo alisema anaondoka. Dada yake alijivuta akatokeza nusu, uso mweusi kwa masizi, akamtazama shati, akasema hivi unasafiri na kola hiyo. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta, kwa hiyo alimnyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, na Shingo akakishika. Kilikuwa chembamba kuliko alivyotarajia. Kisha akarudi chini ya basi, na Nyundo akamsogezea taa.