Mashine ya Akiba

Tangu ofisi ya chama cha wafugaji pale Nyeri iletewe kompyuta ya pili, Warigia hakuwa na amani. Mama huyu alikuwa ametunza kumbukumbu za ng'ombe wa Tetu kwa miaka mingi. Mkulima wa Giakanja akitaka kupandisha mtamba, yeye ndiye aliyemwambia ni binti wa fahali yupi, asije akamrudishia baba yake mzazi.

Fundi Muriithi alieleza vizuri tu. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya mashine ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye diski ya mashine ya pili. Ya kwanza ikizimika, ya pili inashika kazi, na wateja hawajui.

"Ati hawajui?" Warigia aliuliza.

Juma lilelile akaletewa Njoki, msichana wa Chaka, akae kando yake ajifunze. Hapo Warigia akapiga hesabu zake: mashine imepata wa kuirithi, naye amepata wake. Akaanza kumkata Njoki jicho na kufunga droo kwa ufunguo. Msichana akimletea chai, Warigia alingoja huyo aliyeileta aionje kwanza.

Mwishowe akakata shauri kuwaonyesha kwamba cha akiba ni bure. Siku ya soko, foleni imefika mlangoni, alinyemelea chumba cha mashine akachomoa waya wa umeme wa ile ya kwanza. Kisha akarudi kitini kungoja kelele.

Skrini iliganda kidogo, ikaendelea. Mzee mmoja akatajiwa fahali wake, akashukuru, akaenda zake. Foleni ikasogea. Warigia aliogopa.

Alasiri Muriithi akaja na meneja, waya mkononi. "Nani alichomoa hii kitu?"

Njoki alikuwa amemwona Warigia akitoka kule. Warigia akajua kazi yake imekwisha.

"Ni mimi," Njoki akasema. "Nilivuta na ufagio nikifagia. Pole sana."

Meneja akamwambia achukue vitu vyake aende nyumbani. Walipobaki wawili, Warigia akanong'ona, "Kwa nini umesema hivyo?"

"Mama, wewe uko na watoto shule. Mimi nitapata ingine."

Wala Warigia hakumshukuru. Njoki alifunga kitambaa kichwani, akaaga kwa heshima, na hadi anavuka lango Warigia alikuwa bado anajiuliza msichana huyu anamtakia nini.