Siku steringi alipokufa mikononi mwa Kalolo, pale Majengo

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee, shule niliiacha darasa la tatu, mkikuta herufi zimekaa upande mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Nianzie mbali kidogo.

Nikiwa mdogo kule Mpui kazi yangu ilikuwa kulinda ulezi ulioanikwa. Upepo wa Ufipa mnaujua. Unakalia kona ya mkeka usipeperuke, unasinzia, mbuzi anakuja.

Siku moja akaja kweli. Rafiki yangu Kalolo akaruka hewani na teke, akamkosa mbuzi, akaangukia ulezi, ukamwagika wote chini. Tulichapwa! Mama yangu alikuwa na mkono mzito, Mungu amrehemu, na alipika ugali mtamu... tuliache hilo.

Miaka ikaenda, mabanda ya video yakaingia mjini Sumbawanga. Tukawa tunakuja na baiskeli Majengo kumwangalia yule mcheza filamu wa kung fu, mfupi, suruali nyeusi. Wa umri wangu mnamjua.

Kalolo akasema, "Huyu teke kaniiga mimi."

Na kanuni tuliijua wote: steringi, yule mkuu wa filamu, hafi. Atapigwa, atatema damu, ataachwa kalala, lakini hafi. Kalolo aliishika kama katekisimu.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Majuzi Kalolo, aliyebaki Mpui, alikuja kwangu mjini kwa ajili ya goti. Ng'ombe wa kulimia alimkanyaga, likavimba, daktari akasema lifanyiwe operesheni, la sivyo mguu wote utaharibika. Ilikuwa afanyiwe kesho yake asubuhi.

Hakai. Anasimama, anachungulia dirishani, anarudi, anasimama tena. Na mimi nikawa sikai, wasiwasi unaambukiza. Nikamwambia twende tukazunguke Majengo pole pole.

Tukapita kwenye chumba cha gemu cha dada mmoja wa Mbeya. Kwenye tivii, nani yule? Yule yule wetu! Sura yake, suruali yake, anarusha mateke.

"Hii filamu mpya?" Kalolo akauliza.

"Shikamoo babu," yule dada akasema. "Siyo filamu, ni gemu. Unampiganisha wewe mwenyewe."

Kalolo akakaa, ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi. Akapewa pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Akaninong'oneza Kifipa kwamba steringi akitoka salama, na yeye kesho anaingia kupasuliwa.

Nikafurahi. Nikaona jambo limekwisha, steringi atakufaje?

Wakuu, somo nalisema hapa hapa, maana mbele sitaweza. Usimwachie mtu aweke roho yake kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui. Ninyi mnaocheza hizi gemu, mngekuwa mimi mngemwambiaje? Andikeni, nasoma zote, hata za matusi.

Haya. Mwanzo alienda vizuri. Maadui wenye mapanga wakalala, vijana wakapiga kelele, "Babu noma!" Mimi nimesimama nyuma yake, napiga mateke madogo madogo bila kujijua.

Likaja jitu lenye rungu.

Steringi akala la kwanza. Akala la pili. Akaenda chini.

"Ataamka," Kalolo akasema.

Tukasubiri. Kioo kikawa chekundu.

"Babu, kafa huyo," kijana mmoja akasema.

"Nani kafa?"

"Steringi wako. Kachapwa kama mtoto!" Wakacheka.

Yule dada akawahi, "Usijali babu, bonyeza hapa anafufuka, unaanza upya."

Kalolo akamtazama. "Mwanangu, yule wetu hakuwa anafufuka. Hakuwa anakufa."

Akaiweka pedi kwenye benchi taratibu, akatoka anaburuza mguu. Nilidhani anaenda kujisaidia uani. Nilipochungulia alikuwa ameshavuka barabara, anaelekea stendi. Nikamwita kwa jina. Hakugeuka, operesheni haikufanyika, na Sumbawanga hajakanyaga tena.