Nilisema "volait", Charlotte akapoteza kazi

Mi njo nilimuharibia Charlotte kazi. Batu banasema ni balozi, bachawi ba usiku, banasema ni wivu ya bajirani. Hapana! Ni mi, na huu mudomo wangu, mu darasa la Kifaransa, saa tisa ya mchana, batu bote banatazama.

Munisikilize kwanza, kisha munitukane.

Tunasoma kila Jumamosi mu sale ya mikutano ya kanisa, hapa Manika. Ni bamama ba soko, bakarani, batu bazima benye shule ilituponyoka. Siku moja Charlotte naye akaingia. Kuniona tu: "Ma sœur! Dada yangu, ni weye?" Akanikumbatia, anacheka. Anacheka! Sawa vile hakunifanya kitu.

Mi sikusahau. Tulikuwa na miaka munane. Shuleni kwetu, ukiongea Kiswahili, mwalimu anakuvalisha mufupa wa ngombe shingoni. Tuliuita symbole. Hautoki mpaka ukamate mwenzako naye anaongea Kiswahili. Ile siku Charlotte njo alikuwa nao. Mi nikamuambia tu, "Nipe gomme yako, nifute," akakimbia kunichongea. Nilirudi nyumbani na ule mufupa, batoto ba kartie, ba mutaa wetu, banaimba nyuma yangu. Nikaapa: utalipa, weye!

Basi, siku ikafika. Professeur akasema, "Leo ni souvenirs d'enfance. Kila mutu atuambie utoto wake." Akaeleza: kitu ulikuwa unafanya kila siku, sema imparfait. Kitu kilifanyika mara moja, passé composé. Nilisikia muzuri sana, masikio yote mawili.

Mbele yangu aliketi Mama Odette, mwenye depo ya unga. Alikuwa amemuahidi Charlotte kazi ya kushika funguo za depo, kuanzia Jumatatu. Charlotte ni mujane, ana batoto batatu, na ile kazi aliiombea kwa kufunga.

Nikasimama. "Quand j'étais petite, Charlotte volait le pain."

Batu bakacheka: eti utotoni Charlotte alikuwa mwizi wa mikate! Professeur akainua kidole.

"Attention, mama. Volait, ni kila siku. Ao ni a volé, mara moja tu?"

Ilikuwa mara moja. Nilijua, na Mungu alijua. Nikamutazama Charlotte usoni.

"Volait, monsieur. Tous les jours." Kila siku, njo nilisema.

Ah weh, ulimi huu! Kicheko kikakatika. Mama Odette akafunga daftari yake polepole. Charlotte alisema tu, "Sawa, ma sœur," akachukua mufuko wake, akatoka.

Jumatatu funguo zikapewa mutu mwingine. Juma halikuisha, Charlotte akabeba batoto, akaenda Lubudi kwa kaka yake, kulima mahindi ya batu.

Sitawadanganya: nilifurahi! Nilipika bukari, ugali wetu, na samaki, nikaimba nikiosha sahani. Hata leo, nikikumbuka ule mufupa, kuna kitu ndani yangu kinasema alistahili. Njo dhambi yangu hiyo, haijanitoka.

Lakini sasa darasani nakaa benchi peke yangu. Mama mumoja tulikua naye kartie moja, nilipomusogelea akahamisha kiti. "Weye unajua utoto wangu," akasema. "Uniache, tafazali."

Na kuna jambo sijamuambia mutu. Ule mukate, Charlotte aliuiba kesho yake, kisha ya kunichongea. Shangazi yake alikuwa anauza mikate. Charlotte akauficha ndani ya blouse, akaniletea, ungali moto, analia: "Pardon. Chukua, kula." Shangazi akamupiga fimbo mpaka bajirani bakaingilia. Na mi? Nilikula wote! Sikumuachia hata ukoko. Nikapangusa mudomo, na kumusamehe sikumusamehe.

Angeweza kulisema ile siku darasani. Kifaransa chake kinapita changu. Akaninyamazia.

Ninyi benye kuweka kisasi, munisikie muzuri! Mbele ya kumuita mutu mwizi, ujiulize ile kitu aliiba, nani aliikula. Mi mukate wa Charlotte niliukula mu utoto, kisha nikala na wa batoto bake.