Pampu Iliyochaguliwa kwa Macho

Mwanangu, ipo siku moja ambayo huwa naikumbuka kila mtu anaponiuliza habari za kununua vifaa. Wewe umeniuliza ununue pampu gani ya kuvuta hewa, yenye bei ya mtu wa kawaida, ya kazi za nyumbani na za karakana. Nitakuambia. Lakini kwanza utanisikiliza, maana pampu haikimbii, na mimi sijawahi kujibu swali kwa ufupi tangu nizaliwe.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa friji, mwanamke, na nilikuwa nimerudi nyumbani Kabati, upande wa Kitui, baada ya kufanya kazi Nairobi katika karakana ya mtu. Kilichonirudisha ni binti yangu Mwende. Nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu tangu alipoacha kunyonya, na safari moja nilipokuja likizo nikamsikia akimwita bibi yake "mama". Mimi aliniita "yule wa Nairobi". Iliniuma, mwanangu, sitakuficha. Nilirudi kazini nikiwa sili wala silali vizuri, mpaka nikaamua nitafungua karakana yangu hapa hapa Kabati nimlee mtoto wangu mwenyewe. Karakana ikisimama, ninabaki naye. Ikianguka, ninarudi Nairobi na yeye anabaki na bibi yake. Sikuwa na njia nyingine.

Stima ilikuwa imefika sokoni na wenye maduka walikuwa wameanza kununua friji za soda na friza za nyama. Sasa elewa kazi yenyewe. Friji ikivuja na ukaiziba, huwezi kutia gesi mpya hivi hivi. Lazima kwanza uvute hewa yote iliyoingia kwenye mabomba, na pamoja na hewa uvute unyevu. Unyevu kidogo ukibaki, unaenda kuganda kwenye kile kibomba chembamba cha ndani na kuziba njia ya gesi. Friji itafanya kazi siku mbili tatu, mwenyewe akusifu, halafu itakufa tena na sifa zako ziende nayo. Mimi nilianza kwa kuvuta na kompresa, ile mashine ya ndani ya kusukuma gesi, niliyoitoa kwenye friji kuukuu. Ilinisaidia sana, lakini ilikuwa ikichemka haraka, na mwishowe ikaungua.

Mama yangu alikuwa katika mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta mashambani kwa zamu. Zamu yako ikifika, wote wanakuja kwako na majembe. Zamu ya mama ilipofika aliwaambia shamba lake halihitaji jembe mwaka huo. Anaomba wamsaidie kumnunulia binti yake pampu. Mmoja aliuliza kama pampu hiyo itatoa maji mpaka kwake mlimani. Alipoambiwa inavuta hewa tu, alicheka akauliza kama hewa imekuwa haba Kabati. Hata hivyo walitoa. Aliyekuwa na mbuzi alileta mbuzi, wa ndengu akaleta ndengu, na kuku walipiga kelele uani kwetu wiki nzima.

Tukaenda Nairobi watatu: mimi, mama, na mwenyekiti wa kikundi, Mama Kalunde. Mama huyo alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti, na ndiye mkunga aliyenipokea nilipozaliwa. Ukipokewa na mtu namna hiyo, ni vigumu baadaye kumwambia amekosea.

Muuzaji wa vyuma vilivyotumika alituonyesha pampu mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya oili, yenye mpini juu, unaibeba kwa mkono mmoja kama birika. Nyingine ilikuwa lijitu lenye gurudumu na mkanda, limetolewa kwenye kiwanda kilichofungwa, na kuliinua kulihitaji wanaume. Bei zilikaribiana. Mimi niliijua ya kwangu nilipoiona tu. Kazi yangu haikutaka pampu ya kuvuta hewa nyingi. Ilitaka ya kuvuta mpaka chini kabisa, isibaki hewa wala unyevu. Na kwa barabara zetu za wakati ule, ilikuwa heri pampu iende kwa friji kuliko friji iletwe kwa pampu.

Mama Kalunde aliiangalia ile ndogo, akaisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Hii nitawaonyesha watu nini? Watu wametoa mbuzi. Hii hata kuku anaweza kuilalia atotoe."

Mama yangu akacheka. Muuzaji naye akacheka, maana lile jitu lilikuwa limemjazia nafasi siku nyingi.

"Hii kubwa ndiyo mashine," Mama Kalunde akaendelea. "Mtu akipita barabarani ataiona, atasema, hii ni ya mwethya. Ama fundi unasemaje?"

Niliulizwa, mwanangu. Nataka ulijue hilo, kwamba niliulizwa waziwazi, mchana, mbele ya mashahidi. Nikasema, "Sawa tu, Mama. Vile mmeona."

Mimi niliyekuwa nikibishana na wanaume wa karakana juu ya kila nati, nilinyamaza mbele ya mkunga wangu na kuita hiyo heshima. Hata kupima kwa geji, ile saa ya kuonyesha nguvu ya mvuto, sikuomba. Nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Pampu ilifika Kabati kwa lori na ikashushwa kwa nyimbo. Mchungaji aliiombea. Kila mama aliigusa, na wengine wakarudi kuigusa mara ya pili wakiwa na wageni wao. Ilipowashwa ilinguruma mpaka mbwa wa sokoni wakajibu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwasikiliza wahenga.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa ya Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa kaskazini-mashariki, aliyekuwa na bucha mjini Kitui. Friza yake ilikuwa imevuja.

"Fundi, kuja na mashine yako hapa kwangu," aliniambia.

"Mashine yangu haibebeki," nikamjibu.

Basi friza ikaletwa Kabati kwa pikapu, ikirushwarushwa njia nzima. Niliziba, nikaunganisha mipira ya kuvutia hewa, nikawasha lile jitu. Sindano ya geji ilishuka vizuri, kisha ikasimama kabla ya kufika mwisho. Hata ningesubiri mpaka jioni isingeshuka zaidi, kwa sababu pampu ilikuwa imechakaa ndani. Nilijua maana yake. Lakini akina mama wawili wa kikundi walikuwa wamesimama mlangoni wakiangalia pampu yao ikifanya kazi, na nyuso zao zilikuwa na furaha. Nikatia gesi.

Friza ilifanya kazi siku chache, ikaganda ndani kama nilivyokwambia, na nyama ya Bwana Abdi ikaharibika. Hakupiga kelele. Alisema, "Fundi, mimi sikudai kitu. Lakini hii friza sikuletei tena." Ningependa angenitukana. Maneno ya polepole ya mtu muungwana yalifika kila bucha na kila duka upesi kuliko matusi, na karakana yangu ikaanza kukaa bila mteja. Akina mama walipopita waliniuliza mashine inaendeleaje. Nikawajibu inaendelea.

Nikamtumia ujumbe mwajiri wangu wa zamani, akasema nafasi yangu bado ipo. Asubuhi moja nilikuwa nakunja nguo zangu kitandani, na Mwende amekaa mlangoni akinitazama. Alikuwa ameshaanza kunizoea. Alikuwa hata amekubali nimsuke nywele. Mama akaingia, akaona nguo, akamtuma mtoto nje.

"Unaenda?"

"Mwaitu, karakana imekufa," nikamwambia. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. "Ile pampu haifai. Ilikuwa imechoka hata kabla tuinunue."

"Ulijua lini?"

Nikaendelea kukunja gauni lile lile, na hilo lilimtosha. Mama hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

"Ulijua pale dukani."

"Nilijua ile ndogo ndiyo iliyofaa. Lakini Mama Kalunde ni mtu mkubwa. Ningempinga aje mbele ya watu?"

Mama alikaa kitandani juu ya nguo zangu, akazikalia kabisa.

"Sikiza," akasema. "Sisi hatujui mambo ya pampu. Ndio sababu tulikwenda na wewe. Tulikupa mbuzi zetu, hatukukuambia utupe akili yako. Umeacha wazee wako wakatize gizani na taa uko nayo mkononi, halafu unasema ni heshima. Hiyo si heshima. Hiyo ni uoga umevaa kitambaa cha kanisa."

Nililia, mwanangu. Nililia kwa sababu alisema kweli, na pia kwa sababu Mwende alikuwa amechungulia dirishani akaniona.

Kesho yake kikundi kilikuwa kinachimba kwenye shamba la jirani. Nikaenda na jembe langu, nikachimba nao mpaka wakati wa uji, kisha nikasimama nikasema yote: kwamba pampu imechakaa, kwamba ile ndogo ndiyo iliyofaa, kwamba nilijua na sikusema. Mficha uchi hazai.

Wote walimtazama Mama Kalunde, naye alikuwa akinitazama mimi huku amekumbatia mpini wa jembe.

"Mimi ni mtu wa hasira," akasema mwishowe. "Kila mtu anajua. Ungeniambia pale dukani ningekasirika njiani mpaka Mlolongo. Tukifika Machakos ningekuwa nimesahau, na tungekuwa na pampu nzuri. Sasa wewe umeninyamazia, na mimi nimekuwa nikijigamba na chuma bovu soko nzima. Nani kati yetu amemkosea mwenzake adabu?"

Nikachukua jembe langu, nikarudi kwenye tuta.

Baadaye walicheka, kama wanavyocheka akina mama wakishamaliza hasira, na mama yangu akasema kuku wake yuko tayari kuilalia ile ndogo. Lile jitu tulimuuzia mtu wa vyuma vikuukuu, kwa hasara, na kikundi hakikunidai hasara hiyo. Kwa pesa hizo na mchango mwingine kidogo tukapata pampu ndogo kama ile ya kwanza. Safari hii nilitoa geji yangu mbele ya muuzaji, nikaziba mdomo wa pampu, nikaiwasha na kusubiri, na Mama Kalunde akasubiri nami akiwa ameikazia sindano macho kama anayeielewa. Nikaenda nayo Kitui kwa Bwana Abdi, nikamwomba nimrekebishie bure. Alifikiri kidogo, akanifungulia mlango wa nyuma. Friza hiyo ilifanya kazi miaka mingi, na Mwende alianza darasa la kwanza hapa Kabati, akipelekwa shule na mimi.

Sasa tuje kwa pampu yako. Jiulize kwanza itafanya kazi gani. Ikiwa ni friji, au kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, au kutoa mapovu kwenye gundi unayomimina kwenye kalibu ili ipate umbo, kazi zote hizo ni ndogo na pampu ndogo ya oili inazitosha; wembamba wa reli, treni inapita. Angalia kama stima yako inaiweza, maana kuna mota zinazotaka laini tatu za stima, kama za kiwandani, na wewe nyumbani una moja. Usinunue iliyotumika bila kuipima kwa geji: ishuke mpaka chini, na ukiizima huku umefunga valvu, sindano isiharakishe kurudi. Fungua utazame oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji; hiyo peke yake si ugonjwa wa kufa, badilisha oili upime tena. Iliyojaa vumbi la chuma iache hapo ilipo. Uliza kama oili yake na mpira wa kuzuia kuvuja vinapatikana karibu nawe, kwa sababu pampu rahisi isiyo na vipuri ni ghali kuliko mpya ya dukani. Mfuko ukiwa haba kabisa, anza na kompresa ya friji kuukuu kama nilivyoanza mimi, uipumzishe ikipata moto, na uwe ukiweka akiba ya ile nyingine. Na usiwahi kuvuta hewa kwenye chupa nyembamba ya kioo. Itapasuka kwa ndani, na macho hayana vipuri.

Hayo ya pampu ungeweza kuambiwa na fundi yeyote. Langu mimi ni hili jingine. Siku moja watu wanaokupenda watatoa walicho nacho kwa ajili yako, na wataelekea kukosea, na wewe peke yako ndiye utakayekuwa unajua. Watakuwa wakubwa kwako. Wamekubeba, wamekuombea. Sema. Sema kwa sauti ya chini, kwa adabu, uinamishe kichwa ukitaka, lakini sema kabla hawajatoa pesa. Hasira ya mzee ni ya safari moja. Kimya chako kinaweza kumgharimu mtoto mama yake.

Nenda basi, mwanangu. Bwana aipe mikono yako kazi isiyokauka, akupe wazee wa kukukanya ungali kijana, na siku utakayoulizwa unasemaje, asikuache ujibu "vile mmeona".