Mpini Mbichi wa Mutamaiyu

Ashukuriwe Mungu aliyeotesha miti ya mlimani kabla yetu, akaniacha hai hadi niweze kusimulia haya bila kutetemeka.

Uani kwetu Giakanja palinukia mutamaiyu, mzeituni wa mwituni, harufu kavu na tamu kama kibuyu cha maziwa kilichofukizwa. Baba alichonga mipini ya mashoka na majembe, akaiuza Karatina. Mti huo ni mzito. Kipande chake ukikitupa mtoni kinazama kama jiwe. Lakini hautaki haraka. Baba aliupaka mafuta ya kondoo kwenye ncha, akauacha kivulini misimu miwili ya mvua ipite, la sivyo hupasuka na kusinyaa.

Mwaka ule baba mdogo, Gathogo, alitaka kuukata mutamaiyu wa mpakani mwa shamba lake na letu achome makaa. Baba akakataa. Wakapigana katikati ya mikahawa, baba akang'olewa jino. Kesho yake tulimkuta mbwa wetu amepasuliwa kichwa. Majirani wakasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakaenda zao. Mama alibaki akiomba mmoja asimuue mwenzake.

Asubuhi moja Gathogo alikuja na shoka alilolitia mpini mwenyewe, tawi la mti uleule, alilolikata juma lile na kulianika juani.

"Leo ni huu mti ama ni wewe!"

Baba alikuwa ameinua rungu. Nilimwona akitazama tundu la shoka, palipoachama mwanya. Akalitupa rungu.

"Gathogo, weka chini! Mpini umesinyaa, hilo shoka litachomoka!"

"Ati litachomoka? Sema unaogopa, fundi!"

Akaupiga mti kwa nguvu zake zote. Mti ukalia kama kengele, shoka likachomoka, likarudi na kumpasua muundi wa mguu hadi mfupa. Damu iliruka hadi kwenye gauni langu. Baba akararua shati lake, akamfunga, akamsukuma kwa wilbaro hadi barabarani, naye Gathogo akilia, "Mwana wa mama, usiniache."

Alipona akichechemea. Baba alimkatia bakora ya mutamaiyu, akaiweka kivulini kama desturi. Misimu miwili yote, bakora ikikauka, baba mdogo alitembea ameegemea bega la baba.

Leo sokoni huuzwa mipini iliyokatwa jana, na ndugu huuana kwa shamba dogo kuliko lile. Bakora ninayo mimi, haijapinda. Mti ungali mpakani.

Wewe unayesoma, Mungu aikawize hasira yako, na siku utakapochechemea, akupe bega la nduguyo.