Shemeji na Kikao cha Majina Sita

Shemeji yangu, mume wa dada, ukimuuliza kama chai imekolea sukari atakuuliza imekolea ukilinganisha na ya lini. Nimeishi naye nyumba moja tangu nilipohamishia cherehani yangu barazani kwao, na sijawahi kumpata na jibu la ndiyo au la hapana. Chuoni anafundisha uongozi na utawala, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuongoza hata foleni. Akisimama dukani watu humpita wote, naye huwapisha na kuwashukuru.

Utafiti wake ni wa vikao. Wenzake wanatafiti magonjwa na madaraja, yeye anatafiti kwa nini vikao vya ofisini haviishi. Alikuwa akienda kwenye kila ofisi iliyomkubalia, anakaa kwenye kona na ile saa ya kubonyeza wanayotumia walimu wa riadha, anaandika nani kasema nini na kwa muda gani. Wanafunzi wakambandika jina la Bwana Saa. Hata nyumbani aliijaribu. Siku moja dada alipokuwa akimsema kwa kuacha bomba wazi, kitu kikalia "ti" ndani ya mfuko wa shati lake, na yaliyofuata hapo siyaandiki, ni mambo ya mtu na mkewe.

Basi mkataba wake ulikuwa ukingoni. Chuo kilimwambia bila kupepesa macho: leta makala yenye jina lako, iliyokubaliwa na jarida la utawala linaloeleweka, la sivyo tunaagana. Na tukiagana tunaagana wote, kwa sababu nyumba ni ya chuo. Dada alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kungoja na kulia. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilimwogopea dada, na nilijiogopea mwenyewe, maana baraza lile ndiyo karakana yangu na wateja wameshalizoea.

Kwa hiyo nyumba nzima tukaingia kwenye makala. Jarida lilikuwa na masharti mengi kuliko ya mahari. Ikisiri isizidi urefu fulani, marejeleo yapangwe hivi, koma ikae hapa, jina la mwandishi lisionekane popote ili wahakiki wasijue wanamsoma nani. Shemeji aliifupisha ikisiri mpaka ikawa haieleweki, kisha akaturefushia maelezo ya kwa nini ameifupisha. Dada, ambaye ni muuguzi, alimsikiliza huku kakunja miguu juu ya stuli.

"Baba nanii, nikimweleza mgonjwa hivyo atanifia mlangoni. Umegundua nini? Sema kwa kinywa cha kawaida."

Shemeji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimegundua kwamba, kwa kiasi kikubwa, uamuzi hufikiwa kabla chai haijaletwa. Baada ya chai watu hawaamui tena, wanakubaliana na uamuzi uliokwisha kupita, mmoja mmoja, mpaka jioni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo chai ikiingia, kikao kifungwe."

Tuliangaliana mimi na dada. Kumbe mtu wetu alikuwa na jambo! Miaka yote nilidhani anapoteza muda, siku hiyo nikamheshimu, ingawa sikumwambia. Shemeji ukimsifu anataka kujua umetumia kipimo gani.

Sasa idara yao ina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Makala haitoki nje mpaka ipitishwe kwenye kikao cha idara, na yeyote atakayetoa neno lolote juu ya makala hiyo anahesabiwa kuwa kachangia, na aliyechangia jina lake linaingia. Wanaita moyo wa ushirikiano. Mkuu wao ni Mwenyekiti, mzee mnene mwenye sauti ya redio, ambaye kila jambo hulitazama "kwa mapana na marefu yake". Hana sentensi isiyokuwa na maneno hayo. Hata akiomba chumvi.

Kikao hicho nilikiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeshona mapazia ya ukumbi wao, na walikataa kuahirisha kikao, wakaniambia nitundike taratibu. Nikapanda ngazi, pini mdomoni, nikawa nawatazama kutoka juu.

Shemeji alieleza makala yake kwa ufupi, akakaa. Mmoja akasema herufi ni ndogo. Akaandikwa. Wa pili akasema yeye anaziona, akaandikwa. Wa tatu aliuliza kama nje kuna mvua, kikatokea kibishano kifupi kama hilo ni neno juu ya makala, Mwenyekiti akaamua kwamba makala ingeweza kulowa. Akaandikwa. Mwenyekiti akasinzia. Alipozinduka alisema, "Naungana na msemaji aliyetangulia," na msemaji aliyetangulia alikuwa yeye mwenyewe, kabla hajasinzia.

Kisha chai ikaletwa. Nikaona mkono wa Shemeji ukienda kwenye saa yake.

"Nimelitazama hitimisho hili kwa mapana na marefu yake," Mwenyekiti akasema, akimumunya biskuti. "Kijana amefanya kazi nzuri, lakini amekosea mwishoni. Kama chai ndiyo inayowafanya watu wakubaliane, basi chai ni nguzo ya maelewano. Hitimisho liwe hivi: kila kikao kiongezewe chai ya pili."

Waliunga mkono wote. Nusura nimeze pini.

Yakabaki majina. Jarida linaruhusu waandishi sita tu, na orodha ilikuwa imejaa wakubwa. Ukiwahesabu kwa vyeo, sita walitimia kabla hujamfikia Shemeji. Wakamgeukia kwa upole, kama watu wanaomwomba asogee kidogo kwenye benchi.

"Wewe ni wa nyumbani," Mwenyekiti akamwambia. "Huna haja ya jina. Tutakuweka kwenye shukrani."

Nikangoja apige meza. Apige hata paja lake mwenyewe! Shemeji aliinamisha kichwa, akasema, "Asanteni." Niliteremka ngazi nikiwa na hasira za kutosha kupasua pazia, na pazia la mwisho mpaka leo limekaa upande.

Nyumbani dada hakumgombeza. Alilia tu, kimya, akikunja nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Hilo lilimuuma Shemeji kuliko matusi. Alikaa pembeni yake akimshika mkono, kisha akaanza kukunja naye. Makala ikatumwa na majina yao sita. Na kwa kuwa jarida halitaki kujua mwandishi ni nani, hata zile shukrani zilifutwa.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Shemeji akaja barazani na kompyuta yake mikononi, ameibeba kama trei ya mayai.

"Shemeji," akaniambia, "jarida limeniomba nihakiki makala."

"Makala gani?"

"Yangu."

Ilikuwa hivi: mhariri alitafuta mtaalamu wa vikao, akaangalia marejeleo, akakuta tasnifu ya Shemeji imetajwa kila ukurasa. Akaona huyu ndiye. Nikamrukia. "Basi imekufikia mkononi! Ipasue! Waandikie wale wezi mpaka wakose usingizi!" Dada akatoka jikoni akasema hapana, aipitishe, pengine watamkumbuka kwa wema. Tukabishana mimi na dada, na katikati ya ubishi wetu Shemeji alikuwa ameshamwandikia mhariri ukweli mtupu: samahani, siwezi kuhakiki makala hii, kwa sababu niliiandika mimi.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. Mhariri alimshukuru kwa uaminifu. Akasema wahakiki wengi hupata hisia hiyo wanaposoma kazi inayofanana sana na yao. Jarida limeangalia orodha ya waandishi na jina lake halimo, hivyo mgongano wa maslahi haupo. Tafadhali endelea.

Akaandika tena, akaeleza kikao, mapazia, kila kitu. Mhariri akajibu kwamba anathamini jinsi anavyolijua somo kwa undani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuendelea.

Basi Shemeji akaendelea. Alijifungia na makala yake mwenyewe, akaisoma kama ya mtu baki, na kuna wakati nilimsikia akiguna, "Hapa kajitahidi." Alipomaliza alitusomea alichoandika. Data ni nzuri na zimekusanywa kwa uvumilivu. Hitimisho halitokani na data hizo hata kidogo. Inaonekana aliyekusanya data hakuwa miongoni mwa walioandika hitimisho, na waandishi wanaombwa waeleze kila mmoja alifanya nini. Makala isikubaliwe ilivyo.

"Umejikataa mwenyewe," dada alisema.

"Hitimisho ni baya, mama nanii. Ningefanyaje?"

Nikamwambia mume gani huyu, akipewa kisu, wezi wake wote wakiwa mstari mmoja mbele yake, anajichoma mwenyewe. Nilimsema vibaya siku ile. Lakini usoni mwake nilisoma haya kwa ajili yetu, si kwa ajili ya alichoandika, na nikajua hata nikimkaba hatabadilisha neno.

Maoni yalipofika idarani, Mwenyekiti aliitisha kikao. Swali lilikuwa moja: nani alifanya nini. Kikao, kama alivyotusimulia baadaye, kilianza asubuhi, na Shemeji akaingia na saa yake shingoni kama kawaida, maana kibali chake cha kutafiti vikao vya idara kilikuwa bado hai, kimesainiwa na Mwenyekiti mwenyewe. Aliyeuliza habari za mvua aliapa kwamba yeye ndiye roho ya makala. Aliyesema herufi ni ndogo alidai fidia ya macho. Mmoja akapendekeza jina la Shemeji liingizwe, kwa vile ndiye anayeweza kumjibu mhakiki. Wakakubali wote kwa shangwe. Ndipo ikaulizwa nani atoke ili yeye aingie, na ukumbi ukawa kimya mpaka chai ikaja.

Baada ya chai ya kwanza walikubaliana kwamba ni lazima mtu atoke. Baada ya chai ya pili, kwa kuwa walikuwa wameshaanza kulitekeleza hitimisho lao, walikubaliana kwamba asitoke mtu. Mwenyekiti akaunda kamati ndogo ya kulitazama suala hilo kwa mapana na marefu yake. Kamati ikawa na watu wote waliokuwepo. Makala ile ninavyojua bado iko kwenye kamati.

Shemeji alirudi nyumbani anatembea haraka, jambo ambalo si lake. Hakula. Aliandika kwa siku kadhaa, dada akimpelekea maji, mimi nikipunguza kelele za cherehani. Makala mpya ilihusu kikao kimoja tu, katika taasisi moja isiyotajwa, chini ya mtu anayeitwa Kiongozi K, ambaye husinzia, huzinduka, na kuungana na yeye mwenyewe. Safari hii hakuipeleka kwenye kikao cha idara.

"Na desturi yenu?" nikamuuliza.

"Desturi inahusu makala inayotolewa neno," alisema. "Hii sijamwonyesha mtu."

Nikamkumbatia, shemeji yangu yule, akashtuka mpaka saa ikalia.

Tulingoja. Tumbo la dada likakua, barua ya chuo ya kukumbusha mkataba ikaja, tukaanza kufunga vyombo. Nilikuwa nimeshaifunika cherehani kwa gunia siku mhariri alipojibu kwamba makala imekubaliwa. Dada alipiga kelele, jirani akadhani uchungu umeanza. Mhakiki, barua ilisema, ameisifu mno, maoni yake haya hapa. Shemeji akatusomea kwa sauti.

"Mwandishi amelitazama tatizo hili kwa mapana na marefu yake."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaendelea, sauti imepungua: "Viongozi wa aina ya Kiongozi K ninawafahamu vizuri, nimefanya nao kazi. Inasikitisha kwamba bado wako madarakani. Makala hii ichapishwe haraka, wajisome."

Dada alicheka mpaka nikahofia mtoto. Mimi nilikaa sakafuni. Shemeji peke yake hakucheka. Aliirudia ile karatasi, akasema taratibu kwamba mhakiki ameeleza kwa haki kabisa.

Mkataba ukasainiwa kwa mkono ule ule wa Mwenyekiti. Mtoto alipozaliwa Mwenyekiti alikuja kumwona, akakaa barazani kwenye kiti cha wateja wangu, amemshika mtoto vizuri kabisa, kwa mikono ya mtu aliyelea wake. Ilinibidi nikubali kwamba si mtu mbaya. Akamsifu Shemeji kwa makala yake, akasema imewagusa wengi. Kisha akainama, akashusha ile sauti ya redio.

"Hebu niambie, tuko wenyewe hapa. Huyo Kiongozi K, mimi namjua?"

Niliacha kukanyaga cherehani. Dada alisimama mlangoni na trei ya chai. Nilimtazama Shemeji, nikajua sasa tutasikia "inategemea", na "kumjua kwa maana ipi", mpaka tupoteze nyumba.

"Hapana," Shemeji akasema.